Barua Iliyopungua Gramu Moja na Kidogo

Haya ninayoyasimulia ni kweli tupu, tangu neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Kama nimechomeka humu hata punje moja ya uongo, basi meno yangu sita yaliyosalia na yang'oke leo kabla sijala. Wanaonifahamu wataguna. Waache wagune, kuguna hakulipiwi.

Palikuwa na fundi mizani mmoja, mtu mzima wa miaka sitini na saba, ambaye jina lake la kuzaliwa mtaa ulishalisahau. Wote walimwita Gramu. Alitengeneza mizani za kila namna: za sukari, za misumari, za nyama, na zile ndogo za sonara ambazo ukipiga chafya karibu yake zinahesabu. Na kazi ya mizani, msione hivi, humharibu mtu. Ukikaa miaka arobaini unafungua mizani za watu na kukuta sumaku imebandikwa chini ya sahani, au jiwe la kilo limetobolewa tumbo na kuzibwa kwa nta, mwisho wake huamini hata kivuli chako mwenyewe. Gramu akipeana mkono na mtu, alihesabu vidole vyake baadaye. Daktari alipomwambia ana shinikizo la damu, swali lake la kwanza lilikuwa: "Hiyo mashine yako ilikaguliwa lini?"

Kitu kimoja tu alikiamini duniani, nacho ni koleo lake la lakiri. Ni kikoleo cha chuma kinachotosha kiganjani, kazi yake kubana kipande cha risasi kwenye waya wa mizani na kuacha namba: mia moja na kumi na nne. Mizani yenye namba hiyo, mnunuzi habishi na muuzaji haapi. Leseni ya koleo ilihuishwa kila mwaka kwenye Ofisi ya Vipimo. Leseni ikikosekana, koleo linarudi serikalini na namba anapewa mtu mwingine, na Gramu angebaki mzee mwenye bisibisi, kama wazee wengine wote wenye bisibisi.

Sasa, Jumanne moja asubuhi, ikaletwa barua. Bahasha ya kaki, yenye kidirisha cha nailoni, jina lake likichungulia humo kama mfungwa. Gramu aliishika kwa ncha ya kona, akaikata pembeni kwa wembe, akaisoma akiwa amesimama.

IDARA YA MAPATO YA JIMBO. TAARIFA YA MAKADIRIO YA KODI YA MAUZO, MIAKA MITATU. Chini yake palikuwa na kiasi ambacho kingeweza kununua karakana nzima, pamoja na Gramu ndani yake, na chenji ikarudi. Halafu maneno madogo: una siku thelathini tangu tarehe ya barua hii kuleta ritani zako (fomu za hesabu za mauzo) au pingamizi, baada ya hapo, leseni zako zote zinazohitaji idhini ya Jimbo zitazuiliwa.

"Kodi nimelipa," Gramu akaiambia barua.

Na kweli alikuwa amelipa. Chini ya meza yake ya kazi palikuwa na sanduku la bati lenye risiti za Mamlaka ya Mapato ya Taifa, miaka thelathini na mmoja, zimepangwa kwa mwaka na kufungwa kwa waya uleule wa lakiri.

"Mama!" akaita. "Njoo uone. Wezi wamejifunza kupiga chapa."

Mkewe alikuja akifuta mikono. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke aliyepokea nusu ya mtaa ule kwa mikono yake, na kwa hiyo hakuna mtu mtaani aliyeweza kumtisha. Akaisoma barua mara mbili.

"Hii imetoka Jimboni, Baba. Wewe unalipa Taifa. Huenda ni vitu viwili."

"Vitu viwili vipi? Mtu hawezi kukamuliwa na mikono miwili kwa wakati mmoja."

"Ng'ombe anakamuliwa hivyo kila siku. Nenda kaulize."

Gramu akamtazama kwa pembeni. Kaulize. Mbona haraka? Mtu mwema hana haraka na barua ya mwenzake. Ndipo likamjia wazo, likakaa kifuani kama mgeni aliyekuja na godoro lake: shemeji. Kaka yake mkewe, fundi simu, alikuwa anaitamani nusu ya karakana huu mwaka wa pili. Kila akija anapima ukuta kwa macho. Na fundi simu ana kompyuta. Mwenye kompyuta ana printa. Mwenye printa, akitaka, ana serikali nzima mezani kwake. Mzee akose leseni, afunge karakana, shemeji aingie na vioo vyake vya simu. Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine ni ndugu wa aliyekufulia hiyo nguo.

Wakati huo akaingia jirani.

Jirani huyo, jina lake halina umuhimu wowote, alikuwa mstaafu aliyekuja kila asubuhi kusoma gazeti ambalo hakulinunua na kunywa chai ambayo hakuipika. Alikuwa na historia ndefu ya kazi, nayo ilibadilika kufuatana na mazungumzo. Mkizungumza reli, alikuwa dereva wa treni. Mkizungumza meno, aliwahi kumng'oa jino mtu mkubwa sana, asimtaje. Siku hiyo, alipoiona barua, ikadhihirika kwamba alifanya kazi miaka tisa kwenye kiwanda cha uchapaji cha serikali.

"Lete niione," akasema, akaiinua kwenye mwanga, akaipapasa kwa kidole gumba, akainusa. "Mmh."

"Mmh nini?"

"Sitaki kukutia wasiwasi, bwana Gramu."

"Wasiwasi ninao tayari. Sema."

"Karatasi ya serikali si ya kufungia sabuni. Ina pamba ndani. Nzito. Sisi pale kiwandani karatasi isiyofika gramu sita tulikuwa tunaipa mbuzi. Mtu mwenye mizani kama yako hahitaji wakili."

Mkunga aliguna kwa sauti ambayo wanawake waliowahi kujifungua mikononi mwake wanaikumbuka. Lakini Gramu alikuwa ameshafunua kitambaa cha mizani ya sonara. Hapo ndipo alipokuwa nyumbani kwake. Akafunga dirisha upepo usiingie, akamwambia jirani asipumue, akachomoa sandukuni barua moja ya Mamlaka ya Taifa, ya ukurasa mmoja, akailaza sahanini. Gramu sita na nukta mbili. Akatoa nyingine ya mwaka mwingine. Sita na nukta mbili. Ya tatu, vilevile. Kisha akaweka hii mpya ya Jimbo.

Tano kamili.

Akaigeuza. Akaipima tena. Mizani hazina huruma wala hazina shemeji: tano kamili.

"Imepungua," Gramu akanong'ona, na uso wake ukang'aa jinsi ulivyong'aa kila alipoikuta sumaku chini ya sahani ya mchinja nyama. "Gramu moja na nukta mbili. Wameniibia hata kwenye karatasi ya kuniibia."

"Si nilikwambia?" akasema jirani, akajimiminia chai ya pili.

Hata hivyo Gramu hakuwa mtu wa kuamini kipimo kimoja. Fundi hupima mara mbili. Kesho yake akavaa koti, akaenda kwenye ofisi za Mamlaka ya Taifa, mahali anapolipa kila mwaka, akapanga foleni kwa saa mbili na nusu nyuma ya mtu mwenye kikohozi cha kutia shaka. Dirishani palikuwa na binti mwenye kalamu nywelani. Akaitazama barua sekunde moja.

"Hii si yetu, mzee."

"Si yenu?"

"Si yetu kabisa. Subiri kidogo nikueleze—"

Lakini Gramu alikuwa ameshapata alilolifuata. Na tena, nani humwambia mzee asubiri, kama hana analotaka kutoka kwake? Leo subiri, kesho lete namba ya simu, keshokutwa lete namba ya siri. Akachukua barua yake, akatoka na hatua za kijana. Serikali yenyewe imekiri kwa kinywa chake: si yetu.

Nyumbani akamwita shemeji. Shemeji akaja akidhani hatimaye anapewa ile nusu ya karakana. Alikuja hata na futi ya kupimia, jambo ambalo halikumsaidia.

"Shemeji, kaa," Gramu akasema. "Printa yako ni ya aina gani?"

"Printa? Ile imekufa, shemeji. Haina wino tangu mwaka jana."

"Aha. Ndiyo maana maandishi yamefifia."

"Maandishi gani?"

Gramu akamsukumia barua. Shemeji akaisoma, akamtazama dada yake, akaisoma tena. Akasimama taratibu, akakunja futi yake.

"Shemeji, mimi nimewahi kukuomba chumba. Sijawahi kukuibia. Ningetaka kukuibia ningeanza na sukari, maana humu ndani hakuna kitu kingine."

Akaondoka. Mkunga akaingia jikoni. Akaweka chakula mezani, sahani moja, akaenda kula uani kwa jirani wa kike. Siku hiyo na siku tisa zilizofuata. Gramu alikula peke yake akijiambia kwamba ukweli huwa na gharama zake, na kwamba mke anayemtetea nduguye ni lazima atazamwe, si kwa ubaya, bali atazamwe tu.

Siku ya ishirini na sita tangu tarehe ya barua ile ikaja ya pili, yenye mstari mwekundu juu: TAARIFA YA MWISHO. Gramu akaipima. Tano kamili.

"Wezi hawa wana nidhamu," akasema.

"Wamekubuhu," jirani akakubali. "Nilipokuwa upelelezi tuliwaita wale wa mstari. Usiwajibu. Ukiwajibu tu, wamejua upo."

Gramu hakuwajibu. Akaziweka barua zote mbili kwenye faili jipya, akaandika juu yake WEZI.

Siku ya thelathini na tatu akaenda Ofisi ya Vipimo kuhuisha leseni. Na karani wa pale walifahamiana miaka ishirini. Alikuwa mtu mnene wa maneno machache, ambaye Gramu alimwamini kwa asilimia sabini, kiwango cha juu kabisa alichowahi kumpa binadamu. Karani akabonyeza kompyuta, akatulia, akabonyeza tena.

"Fundi, Jimbo limekufungia leseni."

"Jimbo gani?"

"Tuna jingine? Hujajibu makadirio. Hapa inaonyesha barua mbili."

Gramu akapiga hesabu upya. Barua ile inaweza kuwa ya shemeji. Lakini shemeji hawezi kuwa ndani ya kompyuta ya Vipimo. Alijaribu kumweka humo, kwa dakika nzima alijaribu, akashindwa.

"Basi nifanye nini?"

"Lete cheti cha kutodaiwa kutoka Mapato ya Jimbo. Una siku saba. Zikipita, mia na kumi na nne inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha." Karani akainamisha macho. "Na koleo, fundi, sheria inasema liachwe hapa."

Gramu akalitoa mfukoni. Lilikuwa la moto kwa kukaa pajani. Akaliweka mezani, likalia ka! juu ya kioo, na karani akaliandikia lebo kama anavyoandikiwa marehemu.

Alirudi nyumbani mkono mmoja ndani ya mfuko mtupu. Mkewe alikuwa mlangoni. Midomo ilikuwa imefungwa siku nyingi, lakini alipouona ule mfuko akaifungua.

"Wamelichukua?"

"Wamelichukua, Mama."

Hakumwambia si nilikwambia. Akavaa viatu.

"Twende Jimboni."

"Tutajuaje kwamba ni Jimbo kweli? Anwani iko kwenye barua. Mwizi naye ana anwani. Tukifika huko tukakuta chumba kimoja na wanaume watatu?"

"Kama barua huiamini, usitumie anwani yake wala simu yake," akasema mkunga. "Muulize mtu unayemwamini. Yule karani wako wa sabini kwa mia. Atakuambia ofisi iko wapi, kisha linganisha."

Gramu akamtazama mkewe, kwa mara ya kwanza mwezi ule, kwa macho yote mawili. Alikuwa ameishi na mizani siku zote na kumbe hakuijua. Wakampigia karani. Karani akataja mtaa, jengo, ghorofa ya tatu. Ilikuwa anwani ileile ya kwenye barua, mpaka namba ya mlango.

Ghorofa ya tatu palikuwa na viti vya plastiki, feni inayozunguka kwa kusitasita, na ofisa mwembamba aliyekuwa anatafuna karanga moja moja kama mtu anayelipwa kwa karanga. Mlangoni Gramu alisoma kibao mara tatu. Alipokaa, aligusa meza kuona kama imepigiliwa sakafuni, kwa kuwa matapeli huhama upesi. Meza haikutikisika.

"Nimelipa kodi miaka thelathini na mmoja," akaanza, akainua sanduku la bati hadi mezani.

Ofisa akafungua, akachungulia. "Umelipa vizuri sana. Umelipa Taifa. Taifa linataka sehemu ya unachobaki nacho. Sisi Jimbo tunataka sehemu ya unachouza. Na Manispaa inataka kwa ajili ya hilo jengo. Tuko watatu, mzee, na hatusomeani barua."

"Mimi siuzi. Natengeneza."

"Ufundi wako hatuugusi. Springi huuzi? Sahani? Mawe ya kilo?"

Gramu akafunika sanduku lake la bati.

"Basi hayo. Ulipohuisha leseni miaka mitatu iliyopita uliwekwa kwenye orodha yetu. Ulitakiwa kuleta ritani kila mwaka, hata kama umeuza springi moja. Hukuleta. Kompyuta isipoambiwa inakisia, na ikikisia haikisii kidogo. Imekuhesabu kama kiwanda cha mizani."

"Kiwanda!" Gramu akasema, na kwa nusu sekunde akaonekana kufurahi.

"Lete hesabu halisi, makadirio yanafutwa. Una daftari la mauzo?"

Swali gani hilo? Mtu asiyeamini mtu ana daftari la kila kitu. Mkunga alilitoa mkobani: kila springi, kila parafujo, tarehe na jina la mnunuzi, na pembeni maoni kuhusu tabia yake. Ofisa alisoma mistari kadhaa akasahau karanga zake. Wakajaza ritani tatu palepale, Gramu akitaka kila mstari asomewe mara mbili, akiuliza kila kisanduku cha fomu kinaficha nini. Ilipofika saa tisa, lile deni la kununua karakana lilikuwa limesinyaa mpaka bei ya viatu vya mtu asiye na makuu, naye akalilipa palepale.

"Na faini," ofisa akaongeza.

"Faini ya nini?"

"Ya kuchelewa. Umevuka siku tatu. Ungekuja ndani ya thelathini, hii ningeweza kuiombea. Sasa siwezi." Faini ilikuwa kubwa kuliko kodi. "Kwani barua ya kwanza hukuipata?"

"Niliipata."

"Ukafanya nini?"

Gramu hakusema uongo. Hilo ndilo tatizo la watu wa vipimo. "Niliipima."

Ofisa akaacha kutafuna. Mkunga akaangalia dari. Ilibidi Gramu aeleze yote: pamba, mbuzi, gramu sita. Ofisa akaenda chumba cha pili, na baada ya muda kicheko kikasikika huko, kwanza cha mtu mmoja, kisha cha idara nzima. Akarudi akifuta macho.

"Mzee wangu, Taifa wana bajeti. Sisi karatasi tunanunua ile rahisi kuliko zote dukani. Nani alikuambia habari ya pamba?"

"Jirani."

"Basi huyo jirani amekugharimu faini. Kodi umelipa, cheti kitatoka faini ikilipwa. Ni siku saba, siyo?"

Waliporudi, kitu cha kwanza Gramu alichofanya ni kupita kwa shemeji. Hakuna aliyesikia walichozungumza, ila shemeji alionekana baadaye akipima ukuta wa karakana kwa futi, na Gramu ameshika ncha ya pili, akihakikisha futi haijapungua. Kisha yeye na mkunga wakaja moja kwa moja kwenye kibaraza cha yule jirani, aliyekuwa amekaa na miguu yake juu ya kigoda.

"Jirani," akasema mkunga kwa upole, "kile kiwanda cha uchapaji ulichofanyia kazi kilikuwa wapi?"

"Ah, zamani hizo! Nyuma ya soko la zamani. Jengo la matofali mekundu."

"Lenye ngazi mbili za mbele?"

"Hizohizo!"

"Hiyo ilikuwa wodi ya wazazi. Nimefanya kazi humo miaka kumi na minane. Wewe ulikuwa unachapa nini humo, watoto?"

Jirani akashusha miguu. Akatafuta kazi nyingine aliyowahi kufanya, akakuta zote zimekwisha. Gramu hakumtukana. Alimnyooshea karatasi ya faini, na mkono wake wa pili ulikuwa bado mfukoni, unapapasa mahali pa koleo. Hicho ndicho kilichomshinda jirani. Tusi angelijibu.

Haya, nimeshikwa. Mlishajua tangu ile chai. Jirani ni mimi, na pensheni yangu ya mwezi ule ilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai, nikaitoa yote. Kesho yake nikapanda mpaka ghorofa ya tatu peke yangu, nikapanga foleni, nikaweka noti dirishani. Ofisa mwembamba akazihesabu, akaandika risiti kwa jina la Gramu, kisha akaniangalia kwa muda kupita kiasi.

"Na wewe, mzee, unafanya kazi gani?"

Nilikuwa na majibu kumi na moja, moja likilizidi lingine kwa utamu. Nikayameza.

"Hakuna," nikasema, nikachukua cheti, nikampelekea Gramu mwenyewe, akalifuate koleo lake.